Nani Humngoja Nani? Historia Fupi ya Saa na Mikutano ya Kazini

Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, mkutano ulioitishwa saa 3:00 asubuhi ukianza saa 4:00, hakuna anayeshangaa. Mmoja atatabasamu na kusema, "Hizi ndizo saa za Kiafrika," na wenzake watacheka. Kicheko hicho kina hoja ndani yake. Kinadai kwamba uchelewaji tumezaliwa nao, tumeurithi kwa mababu ambao hawakujali wakati, na kwa hiyo hauna dawa. Makala haya yanapinga dai hilo kwa kutumia historia na kwa kutumia lugha ya Kiswahili yenyewe. Tutaonyesha kwamba wazee wetu walikuwa na nidhamu ya wakati pale walipokuwa na sababu ya kuwa nayo. Kwamba saa ya ukutani iliingia kazini kama chombo cha kuwaamrisha walio chini. Na kwamba mikutano yetu huchelewa kwa sababu desturi ya walio chini kuwangoja walio juu haijaondoka.

Dai kwamba hatuna wakati ujao

Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha kitabu chake maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza alichokiona kuwa dhana ya wakati ya Mwafrika. Kwa maoni yake, dhana hiyo ina sasa iliyo pana na zamani isiyo na mwisho, lakini wakati ujao ndani yake ni mfupi mno. Ushahidi wake kutoka katika lugha ulitegemea hasa nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Nia yake haikuwa kudharau. Kinyume chake, aliwatetea Waafrika dhidi ya wageni waliomwona mtu ameketi kivulini wakaharakisha kusema kwamba anapoteza wakati. Hata hivyo, hoja hiyo ilizungumzwa sana, na kwa watu wengine ikageuka kuwa kisingizio. Wanafalsafa kadhaa waliipinga, akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, aliyetumia ushahidi wa lugha ya Kiakan.

Sisi tunaofundisha Kiswahili tunao ushahidi wetu pia. Mbali na kiambishi -ta- ambacho kila mwanafunzi hukisoma mapema, lugha hii imezipa majina siku za mbele moja baada ya nyingine. Baada ya leo kuna kesho, kisha keshokutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo. Jamii iliyozibatiza siku nne zijazo, kila moja kwa jina lake, haiwezi kusemwa kuwa haikupanga ya mbele. Majina hayo yalihitajiwa na watu waliokuwa wakiagana: tutakutana mtondo, mzigo utafika mtondogoo.

Wakati kabla ya saa ya ukutani

Chukua mfano wa mwambao. Kwa karne nyingi biashara ya Bahari ya Hindi ilitegemea pepo mbili. Kaskazi, inayovuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, inayoanza kushika takribani mwezi wa Aprili, iliyarudisha. Nahodha aliyechelewa kung'oa nanga hadi pepo zikageuka alikwama bandarini kwa miezi, na mabaharia wake wakala akiba. Mvuvi naye alijua tofauti ya bamvua na maji mafu, akatoka na maji yanayopwa na kurudi na maji yanayojaa. Juu ya hayo, mwadhini aliugawa mchana na usiku kwa sala tano. Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyeweza kusema kwamba wakati utamsubiri.

Lugha imehifadhi historia hiyo. Maneno siku, usiku, mwezi na mwaka yana asili ya Kibantu. Saa, dakika, wakati na muda yametokana na Kiarabu. Saa zilipofika pwani zilihesabiwa kwa kulifuata jua. Saa moja ya kwanza ya mchana ikishapita tangu macheo, tunasema saa 1:00 asubuhi. Utaratibu huu una mantiki katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Usingefaa Uingereza, ambako jua la Desemba huchomoza saa nyingi baada ya wakati lichomozapo Juni. Kwa hiyo saa yetu si saa ya Ulaya iliyokosewa kwa saa sita, kama wageni wengine wanavyodhani. Ni saa iliyopimwa kwa jua la mahali petu, na ilipenya bara hadi katika lugha za jirani. Waganda husema ssaawa emu, Wanyarwanda husema saa moya, na wote hao wanakusudia saa ile ile ya asubuhi ambayo Mswahili anaiita saa moja.

Bara pia watu waliitana kwa wakati kabla ya kuwa na saa. Huku Buganda ngoma ndiyo iliyokuwa barua ya mwaliko. Mdundo wa ggwanga mujje uliita taifa zima likusanyike. Mdundo wa saagala agalamidde, maana yake sitaki mtu aliyelala, uliwaamsha watu kwa kazi ya pamoja ya bulungi bwansi: kufyeka njia, kusafisha visima na kadhalika. Tukumbuke kwamba ngoma haikutaja dakika. Ilitaja jambo, na uzito wa jambo ndio uliowatoa watu vitandani.

Saa kama amri

Ni makosa pia kudhani kwamba Wazungu walizaliwa na saa mikononi. Mwaka 1967 mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson alichapisha makala mashuhuri kuhusu wakati na nidhamu ya kazi. Alionyesha kwamba mafundi wa Uingereza, kabla ya viwanda kuenea, walifanya kazi kwa mapigo yao wenyewe, na wengi waliifanya Jumatatu kuwa siku ya kupumzika bila idhini ya mtu. Nidhamu ya saa iliingizwa kwa kengele, kwa faini, kwa shule na kwa mahubiri. Ushahidi aliokusanya unataja viwanda ambavyo mabwana walizichezea saa ili kurefusha siku ya kazi, na ambavyo mfanyakazi hakutakiwa kuwa na saa yake mwenyewe. Kwa upande wa reli, kampuni ya Great Western ilianza kutumia saa ya London katika vituo vyake mwaka 1840, lakini sheria ya kuifanya saa moja kuwa ya nchi nzima ilipitishwa mwaka 1880. Yaani Waingereza walihitaji miaka 40 kukubaliana juu ya saa yao wenyewe, na miaka michache tu baadaye wakaja kutufundisha yetu.

Somo hilo lilikuja kwa namna gani? Mwaka 1896 una mifano miwili. Mwezi Agosti mwaka huo, Khalid bin Barghash alipokalia kiti cha usultani wa Zanzibar bila ridhaa ya Waingereza, alipewa hadi saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27 aondoke katika kasri. Saa ilipofika hakuondoka, na saa 3:02 mizinga ya manowari ilianza kulia. Kwa muda wa takribani dakika 40 kasri iliharibiwa, na watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na gari moshi likaingia Kampala mwaka 1931. Pamoja na reli zikaja ratiba, filimbi, kengele na orodha ya mahudhurio.

Angalia basi msamiati wa kazi uliotuachia kipindi hicho. Kibarua ni barua ndogo. Jina la cheti likawa jina la mtu anayefanya kazi ya kutwa. Kipande, katika Kenya, kilikuwa hati ya utambulisho ambayo mwanamume Mwafrika alilazimika kuibeba, aghalabu katika kikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Humo mwajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi na siku alipoachishwa, na kuondoka bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya kuhesabu siku 30 za kazi. Huko mfanyakazi alipewa kipimo cha kazi, na akikimaliza alikwenda zake. Hii inatuonyesha kwamba hata waajiri wenyewe walijua njia ya kupata kazi bila saa, pale ilipowafaa.

Bandarini Mombasa mvutano ulikuwa wazi zaidi. Mwanahistoria Frederick Cooper ameeleza kwa kina, katika kitabu chake cha mwaka 1987, jinsi vibarua wa bandari walivyokuwa wakijitokeza siku waliyotaka na kupumzika siku waliyotaka. Serikali iliuona uhuru huo kuwa hatari. Mgomo wa mwaka 1939, na mgomo mkuu wa Januari 1947 uliowashirikisha wafanyakazi wapatao 15,000, uliizidishia hofu. Katika miaka ya 1950 ukafuata mpango wa kuwaandikisha vibarua na kuwageuza kuwa wafanyakazi wa kudumu wenye saa maalumu. Wafanyakazi walipata mishahara ya uhakika zaidi, lakini walipoteza haki ya kuamua lini waje. Hapo ndipo tunapoona kiini cha jambo: saa haikuwa makubaliano ya pande mbili. Upande mmoja uliishika, na upande wa pili ukapimwa kwayo.

Kutoka barazani hadi kwa mgeni rasmi

Mkutano ulipitia njia hiyo hiyo. Neno baraza kwa asili ni kibao cha mawe mbele ya nyumba ya Mswahili, mahali pa watu kuketi na kuzungumza kama majirani. Utawala wa kikoloni uliliazima neno hilo ukaliita baraza kusanyiko la raia mbele ya ofisa. Raia walikusanywa mapema. Ofisa alifika alipofika. Aliyechelewa kwa upande wa raia alikuwa mkaidi, na aliyechelewa kwa upande wa serikali alikuwa na shughuli nyingi.

Bendera zilibadilishwa, Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963, lakini mpangilio wa viti haukubadilika sana. Tunamfahamu sote mgeni rasmi. Watoto wa shule hupangwa juani tangu saa 2:00, kwaya hurudia wimbo ule ule mara nne, na mshereheshaji huomba uvumilivu hadi msafara utokee saa 6:00. Hakuna anayesema kwamba mgeni rasmi amechelewa. Husemwa kwamba amefika. Ofisini mambo huwa hivyo hivyo kwa kiwango kidogo: karani huwahi, mhadhiri msaidizi hufuata, na mkubwa huingia wa mwisho. Kuchelewa kumekuwa alama ya cheo, na kila anayepanda cheo huona kwamba sasa naye ana haki ya kungojwa.

Taksi au basi?

Mara cheo kinapoharibu mwanzo wa mkutano, akili ya kawaida humalizia kazi. Hebu tulinganishe vyombo viwili vya usafiri. Taksi ya abiria ya Kampala haina saa ya kuondoka, huondoka ikijaa. Abiria anayewahi hapati faida yoyote isipokuwa joto na kungoja, na mwenye busara hujitahidi kuwa wa mwisho kuingia. Basi la mikoani la Tanzania linaloondoka saa 12:00 alfajiri ni jambo jingine. Abiria wake huamka saa 10:00, hubeba mizigo gizani, na huwa kituoni kabla ya muda. Anaweza kuwa mtu yule yule, mwenye mababu wale wale. Kilichobadilika ni kanuni ya chombo.

Vivyo hivyo, kwa miaka mingi familia za Tanzania zimejua kwamba taarifa ya habari ni saa 2:00 usiku. Hakuna aliyewahi kuisubiri studio ijaze watazamaji kwanza. Mkutano unaosubiri watu wajae huwafundisha watu kuchelewa. Wanaowahi huadhibiwa kwa kungojeshwa, wanaochelewa hutuzwa kwa kukuta mambo ndiyo kwanza yanaanza, na mkutano unaofuata wale waliowahi nao huchelewa. Si tabia ya rangi wala ya bara. Mwaka 2007 serikali ya Peru, nchi iliyo mbali nasi kabisa, ilipiga ving'ora na kengele za makanisa adhuhuri ili kuwataka wananchi warekebishe saa zao na kuacha walichokiita wao wenyewe "saa za Kiperu". Mwaka huo huo Côte d'Ivoire ilifanya shindano la kumtafuta mwajiriwa anayewahi kuliko wote, na zawadi ilikuwa nyumba. Mshindi alikuwa anataniwa na wenzake kwa jina la saa za mzungu. Jina hilo la utani linasikitisha kuliko uchelewaji wenyewe, kwa sababu linamgeuza mtu mwenye adabu kwa wenzake kuwa mgeni nyumbani kwake.

Tunaloweza kufanya

Ikiwa ugonjwa uliingilia juu, dawa nayo ianzie juu. Katika Rwanda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja iliyopangiwa saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi, na baada yake hufuata mazungumzo ya wakazi. Sheria inaruhusu asiyefika bila sababu kutozwa faini, na si kila mtu angependa kuiga jambo hilo. Lakini lipo somo jingine: viongozi nao huonekana wameshika jembe. Nidhamu inayowahusu wote haimwachii mtu nafasi ya kuigeuza kuwa cheo.

Kwa mikutano ya idara na ofisi, historia hii inapendekeza mambo machache. Mwenyekiti afike wa kwanza. Akidi ikitimia saa iliyotajwa, mkutano uanze, na anayechelewa asirudiwe yaliyopita. Jambo zito, lenye kugusa masilahi ya watu, liwekwe mwanzoni badala ya kufukiwa kati ya yatokanayo na mengineyo. Tukumbuke kwamba ngoma ya Buganda iliita kwa uzito wa jambo. Mwaliko utaje pia saa ya kumaliza, kwa sababu anayeombwa kuheshimu mwanzo ana haki ya kuheshimiwa mwisho.

Mwaliko wenyewe uandikwe sawasawa. Wanafunzi wetu wengi hutafsiri barua na kuandika "saa tisa asubuhi" wakikusudia saa tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki imepanuka, Rwanda na Burundi zikijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na tatizo limekua. Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Mogadishu zinakwenda pamoja. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko nyuma kwa saa moja, na Juba imejiunga nazo tangu Februari 2021. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili. Mkutano wa mtandaoni wa saa 4:00 asubuhi Kampala ni wa saa 3:00 Kigali na saa 2:00 Kinshasa. Tusipoandika saa ya nani, tutakuwa tumewachelewesha wenzetu kabla hawajaamka.

Sarufi yetu ilishalisema jambo hili kwa ufupi. Kitenzi kukuta kikiongezewa -an- huwa kukutana, na humo ndimo linamotoka neno mkutano. Kiambishi hicho hudai pande mbili: mimi nikukute wewe, nawe unikute mimi. Pale upande mmoja unapoketi saa nzima ukiungoja mwingine, hakuna kukutana. Kuna kungoja na kungojwa.

Limebaki jambo dogo ambalo liko mikononi mwa katibu. Kumbukumbu nyingi za mikutano huandika kwamba mwenyekiti alifungua kikao saa 4:00 asubuhi, ilhali kilifunguliwa saa 4:50. Saa iliyonakiliwa ni ya barua ya mwaliko. Mwanahistoria atakayezifungua karatasi hizo baada ya miaka 50 ataamini kwamba sisi tulikuwa watu wa kuwahi kuliko wote duniani, wala hatazijua zile dakika 50 za karani aliyekaa akitazama mlango. Katibu na aandike saa ya kweli, na mwenyekiti aitie sahihi. Huenda ikatosha kuisoma kwa sauti mara moja tu, kumbukumbu zitakapothibitishwa katika kikao kinachofuata.